Sura ya Tano: Amana ya Binti Aonaye Yajayo

Miongoni mwa hekaya ambazo vijana wa Marekani wamezisoma kwa shauku tangu karne hii ilipoingia, sidhani iko aina iliyopendwa mno na wasomaji wake, na kudharauliwa mno na wahakiki, kuliko riwaya ya mahaba ya binti ambaye, kabla hajatimiza miaka 18, hufunuliwa mambo ambayo bado hayajawa. Huyu huota usiku, yule hushikwa na maono akiwa macho katikati ya darasa, na mwingine husikia ukelele ukimpanda kooni kila apitapo karibu na mtu ambaye ajali yake imewadia. Lakini wote hukutana na kijana wa kiume ambaye habari zake zimo katika yale waliyoyaona, na wote hupenda na kupendwa wakiwa wamebeba elimu ambayo mpenzi wao hanayo. Wahakiki husema kwamba hayo ni mambo ya kitoto, na kwamba maajabu yametiwa humo ili kuficha uchache wa fikira. Mimi niliyevisoma vitabu hivi kwa makini na kwa mapenzi nasadiki kwamba ndani yake mna swali zito kuliko mengi yaulizwayo katika riwaya za watu wazima, nalo ni hili: mtu akijua jambo litakalompata ampendaye, ujuzi huo ni mali ya nani?

Kwa rai yangu, ujuzi huo ni amana. Aliyefunuliwa hakupewa uwe wake. Amewekewa, kama mwenye duka awekewavyo fedha na msafiri, na wajibu wake wa kwanza ni kuifikisha amana kwa mwenyewe ikiwa salama na kamili. Mizani ninayotumia kupimia riwaya za aina hii ni hiyo tu. Uzuri wa kijana wa kiume haunishughulishi, wala wingi wa mashetani na mizimu. Hutazama binti yule ameitunzaje amana, ameificha kwa muda gani, ameitumia kwa faida yake au la, na siku alipoifungua mbele ya mwenyewe alimpa nafasi ya kuamua au alimpa habari tu baada ya yeye mwenyewe kukata shauri.

Asili ya binti huyu ni ya kale. Wayunani walimjua Cassandra, binti wa mfalme Priam wa Troy, ambaye mungu wao Apollo alimtunuku utabiri kwa kumtamani, na alipokataliwa akamlaani asisadikiwe na mtu. Aeschylus alimtoa mbele ya watu wa Athens mwaka 458 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akamsimamisha nje ya nyumba ya Agamemnon hali anayajua yote yatakayotendeka ndani, mauti yake mwenyewe yakiwamo, na wazee wa mji wanaomsikiliza wanamhurumia pasi na kumfahamu. Hiyo ni amana iliyotolewa ikakosa mpokeaji, na kila mwandishi aliyekuja baadaye amerithi kitu kutoka kwake.

Lakini kwa msomaji wa Kiswahili kiko kisa kilicho karibu zaidi na moyo, nacho ni cha Nabii Yusuf, kilichokunjuliwa katika sura ya 12 ya Qurani yenye aya 111, na ambacho washairi wetu wa pwani walikitungia tenzi. Yusuf ni kijana mdogo anapoota nyota kumi na moja, na jua na mwezi, vikimsujudia. Baba yake Yakub anaifahamu ndoto ile palepale, naye kabla ya jambo lingine lolote anamwonya mwanawe asiwasimulie ndugu zake wasije wakamfanyia hila. Naomba msomaji atue kidogo juu ya onyo hilo, kwa kuwa ndilo somo la kwanza kabisa ambalo kijana mwenye kuona mbele amepata kufundishwa katika vitabu vyetu, na halihusu maana ya ndoto hata kidogo; linahusu nani aambiwe na nani asiambiwe. Yusuf huyo huyo, atakapokuwa gerezani, atawafasiria wafungwa wawili ndoto zao bila ya kumficha yule ambaye tafsiri yake ni kifo, na kisha atamfasiria mfalme ndoto ya ng'ombe saba wanono waliwao na saba waliokonda, na hatakomea kwenye tafsiri: atamwonyesha na jinsi ya kuweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Mwenye ndoto alipewa haki yake, na njia ya kuitumia akapewa vilevile.

Katika kisa hichohicho yumo mke wa mkuu wa Misri, ambaye Qurani haikumtaja kwa jina; mapokeo ya baadaye yalimwita Zulaikha. Na mshairi wa Kiajemi Jami, aliyefariki Herat mwaka 1492, alimtungia mwaka 1483 utenzi mrefu ambao, lau ungeandikwa Marekani katika zama zetu, wauza vitabu wangeupanga bila ya kusita pamoja na riwaya ninazozizungumza. Kwa Jami, Zulaikha ni binti wa mfalme wa nchi ya Magharibi, anayemwona Yusuf katika ndoto mara tatu kabla ya kumtia machoni. Usiku wa kwanza anaona uso na sura. Usiku wa pili anasikia ahadi. Usiku wa tatu, alipokwisha kukonda na kufungwa minyororo kwa wazimu wa mapenzi, anaambiwa kwamba amtakaye ni mkuu wa Misri. Basi anawakataa wachumba wote, anasafirishwa Misri kwa msafara wenye fahari, na alipochungulia kwenye upenyo wa hema ili amwone bwana harusi wake, alipiga uyowe: siye. Ndoto haikumdanganya, kwani Yusuf angekuja kuwa na cheo kikubwa katika nchi ile, lakini siku hiyo alikuwa bado hajafika Misri hata kama mtumwa. Zulaikha aliona kweli, akakosa wakati wake.

Na alipompata, alikosa kubwa zaidi. Alimnunua Yusuf sokoni kwa uzito wa mali, akamjengea kasri lenye vyumba vilivyochorwa sura zao wawili wakiwa pamoja ili kila atakapogeuza uso aone kile alichokwisha kukiona yeye katika usingizi, na Yusuf alipomkimbia, alimtia gerezani. Katika utenzi mzima wa huba ile, Zulaikha haketi na kijana yule akamwambia kwa upole: nilikuona kabla sijakujua, je, wewe wasemaje? Aliichukua ruya kuwa hati ya milki. Jami, aliyekuwa mtu wa tarika, aliyaandika hayo kwa muradi wa kuonyesha roho inavyomtafuta Mola wake. Nami nayasoma pia kama hadhari ya mapema kabisa juu ya hatari ambayo riwaya nyingi za leo zimeiangukia pasi na kuijua.

Katika miji yetu ya mwambao, kutazamia mambo ya ndoa kumekuwa siku zote kazi ya watu wazima. Ziko jamaa ambazo hupeleka majina ya wachumba kwa mwalimu wa falaki, ayapigie hesabu za abjadi na kuangalia kama nyota zao zinapatana; wako wengine ambao huyakataa hayo kwa ajili ya dini, wakaswali istikhara na kumwachia Mwenyezi Mungu. Sikusudii kuhukumu baina yao. Ninalotaka lionekane ni kwamba, kwa namna zote mbili, uko utaratibu; na kwa ile ya kwanza, mwenye kutazama ana mwalimu aliyemfundisha na kitabu anachokifuata, hujiwa na mwenye haja, hulipwa ada yake, na amefunzwa lipi la kutamkwa na lipi la kunyamaziwa. Binti wa riwaya ya Kimarekani hana lolote katika hayo. Maono humjia bila ya kuyaomba, katika umri ambao hata mwili wake mwenyewe umekuwa mgeni kwake, na hapana mzee wa kumwambia neno kama lile la Yakub.

Aghalabu huambiwa kwamba ana wazimu. Alice Cullen wa riwaya ya Twilight, ambaye nitamrudia, alitiwa na jamaa zake katika hospitali ya wendawazimu kwa sababu ya yale aliyoyaona. Kaylee Cavanaugh wa Rachel Vincent, katika My Soul to Take ya mwaka 2009, alikwisha kulazwa kwa ajili ya mayowe yasiyozuilika yanayomtoka penye mtu aliyekaribia kufa, ilhali walezi wake walijua kwamba yeye ni wa ukoo wa viumbe waombolezao wafu katika ngano za Waayalandi, nao wakanyamaza. Kitabu hicho si kirefu wala si kizito, lakini dhuluma hiyo kimeieleza vizuri: wazee waliokuwa na ujuzi unaomhusu mtoto waliuzuia, wakamwacha ajidhanie mgonjwa.

Mwandishi wa kwanza aliyelitendea jambo hili insafu kwa ajili ya vijana alikuwa Lois Duncan, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1934. Mwaka 1971 alitoa A Gift of Magic, habari ya msichana aitwaye Nancy ambaye huyajua mambo pasi na kuambiwa, na ambaye kipaji hicho kinamfanya apate taabu kupokea mabadiliko katika nyumba ya mama yake. Mwaka 1984 akatoa The Third Eye, ambamo Karen Connors, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anagundua kwamba anaweza kuwaona watoto waliopotea. Karen hakutaka. Alitaka kuwa kama wenzake, awe na mchumba anayependwa shuleni na mama asiyemwonea haya. Naye afisa kijana wa polisi aitwaye Ron Wilson anapomjia kumwomba msaada, anajua fika kwamba akikubali atavipoteza vyote viwili. Hapa mahaba yamewekwa mahali pake panapostahili: yule anayempenda Karen kweli ni yule anayeweza kumtazama akiwa na kipaji chake, na mwenye haki ya maono yake ni mzazi anayekaa mlangoni akimngoja mtoto. Nakiheshimu kitabu hicho kwa kuwa hakikumruhusu shujaa wake akione kipaji kama pambo.

Yaliyompata Duncan baada ya hapo siwezi kuyapita kimya. Mwaka 1989 alichapisha Don't Look Behind You, riwaya ya msichana anayewindwa na muuaji, na tabia za msichana huyo alizitwaa kutoka kwa binti yake wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 18. Kitabu hakijamaliza majira madukani, binti huyo alipigwa risasi akiendesha gari usiku katika mji wa Albuquerque, mwezi wa Julai mwaka huohuo, akafariki. Polisi walisema ni tukio la nasibu, mama hakuridhika. Yeye aliyekuwa ameandika juu ya binti mwenye jicho la tatu, akafanya kama wafanyavyo wazazi katika kitabu chake: alikwenda kwa watu wenye madai ya kuona, akawasikiliza, akayaweka waliyoyasema karibu na ushahidi alioukusanya mwenyewe, na mwaka 1992 akatoa Who Killed My Daughter? Alisema kwamba hakuweza tena kuandika riwaya za wasichana walio hatarini. Mwaka 1995, pamoja na mtafiti William Roll, alitoa kitabu cha kuwaeleza vijana mambo ya uoni wa ghaibu, na habari za binti yake aliendelea kuzifuatia hadi karibu na kufariki kwake mwaka 2016. Msomaji anaweza kuwa haamini hata chembe ya hayo, na bado akaona jinsi mama huyo alivyokuwa na haki ya kuambiwa kila kilichojulikana. Maana huyo ndiye mwenye amana, na yeyote aliyekuwa na neno juu ya mtoto wake alikuwa amelishika kwa niaba yake.

Kisha likaja wimbi. Mwaka 2005 Stephenie Meyer, mama wa watoto watatu aliyekuwa akiishi Arizona, alitoa Twilight, na katika miaka michache vitabu vyake vinne vilikuwa vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100. Mafanikio hayo yalizaa riwaya nyingi mno za namna hiyo hata maduka ya Barnes & Noble yakazitengea rafu yake peke yake, penye maandishi ya kuwaelekeza vijana kwenye mahaba ya maajabu. Nyingi zimekwisha kusahauliwa, na si hasara. Ya Meyer yenyewe, hata hivyo, imeonewa. Wahakiki walikaa juu ya mnyonya damu mwenye ngozi ya kumeremeta, wakampita Alice, dada yake wa kulelewa, ambaye ndiye mhimili wa mambo yote. Na kanuni ya uoni wake ni mojawapo ya mawazo mazuri katika riwaya za vijana.

Kanuni yenyewe ni hii. Alice haoni yatakayokuwa. Huona yanakoelekea mambo kutokana na maamuzi ambayo watu wamekwisha kuyakata nyoyoni mwao, na mtu abadilipo nia, maono nayo hubadilika papo hapo. Mjadala wa kadari na hiari tunao sisi tangu zamani za kale, misikitini na barazani, na kila mwanafunzi wa chuo ameambiwa habari za Ubao Uliohifadhiwa ambamo yote yameandikwa. Lakini Meyer analitazama jambo kwa upande mwingine, na sababu haiko mbali. Yeye ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo katika mafundisho yake hiari ya mwanadamu ni nguzo, na mwanzoni mwa kitabu chake cha kwanza aliweka ile aya ya Mwanzo inayokataza kula matunda ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya. Kwa hiyo ghaibu katika riwaya zake imefungamana na nia za watu, na anayetaka kuibadili kesho yake hana haja ya hirizi wala kafara. Ana haja ya kukata shauri jipya.

Sasa tazama amana inavyochezewa. Edward Cullen, yule mnyonya damu, husoma fikira za watu, kwa hiyo huyaona maono ya Alice ndani ya kichwa cha Alice. Katika Midnight Sun, kilichotoka mwaka 2020 kusimulia upya kisa kilekile kwa kinywa chake, tunajua wazi kwamba mapema kabisa alikwisha kuonyeshwa njia mbili za Bella Swan, msichana wa miaka 17: afe kwa mkono wa Edward, au ageuzwe awe kama wao. Binti anakaa naye katika darasa la bayolojia akiwa hana habari kwamba watu wengine wawili wamezijadili hatima zake mbili kana kwamba hazimhusu. Edward anaficha kwa mapenzi; sina shaka na mapenzi yake. Lakini mapenzi yanayomficha mtu kifo chake mwenyewe, kisha yakaamua kwa niaba yake ni lipi lililo heri, ni mapenzi ya mlezi kwa mtoto mchanga, na Bella hakuwa mtoto mchanga.

Malipo ya kosa hilo yanakuja katika New Moon ya mwaka 2006. Edward amemwacha Bella na kuhama, kwa kudhani kwamba akijitenga naye ataibatilisha kesho aliyoionyeshwa. Siku moja Bella anajirusha baharini kutoka jabalini, kwa uchungu na ujasiri wa kijana, na Alice aliye mbali anaona: Bella anaruka, maji yanamfunika, na hakuna zaidi. Kumbe Jacob, kijana wa ukoo wa wanaogeuka mbwa mwitu, amemwopoa. Na Alice hana uwezo wa kuwaona watu wa ukoo huo, wala wanachokigusa. Maono yalikuwa ya kweli na yalikuwa pungufu. Dada mwingine anampelekea Edward habari ya kifo, naye anapiga simu nyumbani kwa Bella, anajibiwa na Jacob kwamba baba mtu yuko kwenye maziko, nayo yalikuwa maziko ya rafiki wa baba huyo. Basi Edward anakwenda Volterra, katika Italia, kutafuta wa kumwua. Nimesoma hekaya nyingi za watabiri, na ni chache zilizoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi nusu ya ukweli, ikipita mikononi mwa watu watatu pasi na kumfikia mwenyewe, inavyokaribia kuua.

Na mwishoni mwa kitabu hicho Meyer anafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona likisifiwa na mhakiki yeyote. Bella anawaendea jamaa ya Cullen wote nyumbani kwao, anasimama mbele yao, na kuwataka wapige kura juu ya kugeuzwa kwake, Edward akiwapo na akipinga. Msichana aliyekuwa kitu cha kujadiliwa anaitisha baraza juu ya maisha yake mwenyewe. Unaweza kuyachukia atakayoyachagua, na mimi sikuyapenda. Lakini kuanzia hapo, aliyeonwa amekaa kitako pamoja na walioona.

Filamu ya mwisho ya mfululizo huo, iliyotoka mwaka 2012, iliongeza kitu ambacho hakimo kitabuni. Majeshi mawili yanakutana kwenye theluji, Alice anamnyoshea mkono Aro, mkuu wa maadui, na watazamaji wanaonyeshwa vita virefu ambamo wapenzi wao wengi wanakufa na Aro mwenyewe anakatwa kichwa; kisha inafunuliwa kwamba hapana pigo lililopigwa, na kwamba yote yalikuwa ni maono ambayo Aro alipewa kuyatazama. Anajiondoa na watu wake. Amana ilifikishwa hata kwa adui, na ikaokoa damu.

Lakini ukiniuliza ni riwaya gani iliyolishika swali langu kwa mikono miwili na haikuliachia hadi mwisho, nitakutajia The Raven Boys ya Maggie Stiefvater, iliyotoka mwaka 2012, na vitabu vitatu vilivyoifuata hadi The Raven King ya mwaka 2016. Blue Sargent, mwenye miaka 16, anakaa katika mji wa kubuni wa Henrietta, huko Virginia, katika nyumba iliyojaa wanawake watabiri wanaosomea wateja karata: mama yake Maura, Calla, Persephone, na wengineo. Katika nyumba hiyo yeye peke yake haoni kitu. Akikaa karibu na waonao, uoni wao huzidi nguvu, basi. Na tangu utotoni kila mtabiri aliyemtazama amemwambia neno lilelile, kwamba akimbusu mpenzi wake wa kweli, huyo atakufa.

Waingereza wa vijijini walikuwa na itikadi kwamba, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Marko, yaani tarehe 24 Aprili, mtu akikesha kwenye ukumbi wa kanisa ataziona roho za wale watakaokufa katika mwaka ujao zikipita. John Keats alianza shairi juu ya usiku huo mwaka 1819, asilimalize. Stiefvater aliichukua itikadi hiyo na kuipeleka Virginia. Blue anakaa katika magofu ya kanisa pamoja na Neeve, ndugu wa kambo wa mama yake, akiandika majina anayotajiwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anamwona mmoja wa hao roho: kijana aliyevaa sweta ya shule ya matajiri, mabega yamelowa mvua. Anamwuliza jina, naye anajibu: Gansey. Neeve anamfasiria kwa upole wa kutisha kwamba, kwa asiye mwonaji, sababu za kumwona roho usiku ule ni mbili tu: ama ndiye mpenzi wake wa kweli, ama ndiye atakayemwua.

Kuanzia hapo Blue anayo amana mkononi. Anakutana na Gansey akiwa hai, mwenye bidii na adabu na kiburi kidogo cha watu wenye mali, aliyejitolea kumtafuta mfalme wa kale wa Wales anayesadikiwa kuwa amelala chini ya milima ile. Anamchukia, anamzoea, anampenda. Naye anajua kwamba hatamaliza mwaka, na hasemi. Stiefvater hakumwepushia aibu ya kutosema kwake. Ametuonyesha jinsi kila siku inayopita inavyolifanya neno liwe zito zaidi, na jinsi huruma, ikikaa mno bila ya kutenda, inavyoanza kufanana na hadaa. Kwa ufundi mkubwa alimpa Gansey mwenyewe nusu ya siri tangu mwanzoni mwa kitabu: usiku uleule wa Mtakatifu Marko, alikuwa amekesha mahali pengine na kinasa sauti chake, akitafuta dalili za mizimu, na aliposikiliza yaliyonaswa akasikia sauti yake mwenyewe ikijibizana na msichana asiyemjua. Ana ushahidi wa kifo chake mfukoni, anausikiliza tena na tena, anawasikilizisha na rafiki zake, na anakosa mtu mmoja wa kumfasiria. Mtu huyo yupo, anakula naye, na amenyamaza.

Yale ya The Raven King nitayaeleza kwa ufupi, ingawa najua kwamba namnyima raha msomaji ambaye hajafika huko. Uovu umeingia katika msitu ule wa ajabu uitwao Cabeswater, unaubomoa msitu na unambomoa Ronan, rafiki yao, pamoja nao. Na hauwezi kukomeshwa ila kwa uhai utolewao kwa ridhaa. Gansey anakata shauri mbele ya rafiki zake wote. Kisha yeye mwenyewe, akiijua laana ile na akijua maana yake, anamwambia Blue kwamba yuko tayari, na kumwomba ambusu. Blue anambusu, naye anakufa. Msitu, ambao nao umekaribia kutoweka, unajitoa wote na kumwumba upya kwa kadiri ulivyomjua.

Wako wasomaji waliohuzunishwa na ufufuo huo, wakaona kwamba mwandishi alitishia mauti katika kurasa zaidi ya elfu moja kisha akakosa moyo wa kuyaacha yakae. Nimewafikiria, na sikubaliani nao. Utabiri ulitimia wote, neno kwa neno: kijana alikufa ndani ya mwaka, kwa busu, na aliyembusu alikuwa mpenzi wake na mwenye kumwua kwa pamoja, jambo ambalo Neeve, katika kutaja sababu mbili, hakufikiri kwamba lingeweza kuwa moja. Yatakayokuja baada ya kifo kile hayakuwamo katika maono, kama vile mwaka wa kuja kwa Yusuf haukuwamo katika ndoto ya Zulaikha. Na hata kama Stiefvater angemwacha Gansey amelala pale barabarani, ningekiweka kitabu chake juu ya vingine vyote vya aina hii, kwa sababu saa ile ya busu ilipofika, aliyesema neno la mwisho juu ya kifo cha Gansey alikuwa ni Gansey.